Kulima bila kugeuza udongo: faida iko wapi, na hatari iko wapi?

Katika Kiswahili chetu neno "kulima" lina maana mbili kwa mara moja: kushughulikia shamba, na kugeuza udongo kwa jembe. Ndio maana ukiambia mutu kama anaweza kulima bila kulima, anacheka. Lakini ng'ambo ya Kasumbalesa, kule Zambia, wakulima wengi wamejaribu jambo hilo tangu miaka ya 1990: hawageuzi shamba lote, wanachimba tu pale mbegu itaingia. Hapa Lubumbashi swali hilo linatugusa sisi pia. Linagusa mutu wa Karavia mwenye kulima mahindi kwenye kiwanja chenye hakijajengwa, na mama mwenye shamba mbali na muji mwenye kulipa vibarua kila mwaka. Linagusa hata ule mwenye hana shamba, juu bukari yake inategemea mahindi ya jirani. Mwezi wa 2 mwaka 2024 serikali ya Zambia ilitangaza kama ukame ni musiba wa inchi nzima. Jirani akikosa mavuno ao akifunga mupaka, bei ya mufuko wa unga inapanda kwetu.

Jibu fupi ni hili: kupunguza jembe kunaweza kutengeneza udongo, lakini tu kama udongo ule unabaki umefunikwa. Ukiacha jembe na huku unaendelea kuchoma mabua ya mahindi, udongo wako utakuwa mugumu kuliko mbele. Tuone sasa ni kwa sababu gani.

Tunazungumuzia nini?

Kuko namna tatu za kutayarisha shamba. Ya kwanza ni ile tunajua wote: kugeuza udongo wa shamba lote, kwa jembe, kwa ng'ombe ao kwa trakta, ao kupandisha matuta. Ya pili ni kupunguza: unachimba mashimo tu ao unapasua mistari, na katikati hapaguswi. Ya tatu ni kutogeuza kabisa: unatoboa kwa kijiti na kuingiza mbegu. Wataalamu wenye walisoma kwa Kifaransa wanaiita "semi direkte".

FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, inaweka mambo matatu pamoja. Udongo usisumbuliwe sana. Juu ya udongo kuwe kifuniko cha majani ao mabua, angalau sehemu 30 kwa mia ya shamba. Na mimea ibadilishwe, kwa mufano mahindi mwaka huu, maharagi ao karanga mwaka kesho. Yote matatu yanashikana sawa mafiga ya jiko: ukiondoa moja, chungu kinaanguka.

Udongo wa Lubumbashi uko wa namna gani?

Udongo wetu mwekundu ni udongo wa zamani sana. Wekundu wake ni chuma chenye kilibaki kisha mvua ya miaka elfu na elfu kuosha vitu vingine. Una ukali, ni kusema asidi. Fosfora, chakula chenye mumea unahitaji ili kutoa mizizi, inakamatwa na kile chuma pamoja na aliminiamu, na mahindi yanabaki na njaa hata kama fosfora iko ndani. Tena ufinyanzi wake hauna nguvu ya kushika chakula cha mimea. Kwa hiyo akiba ya shamba iko karibu yote katika kile tabaka ya juu yenye rangi nyeusi kidogo, yenye inatoka kwa majani na mizizi yenye ilioza. Tabaka ile ikienda, tunabaki na tofali.

Tuangalie pia mvua. Lubumbashi inapata karibu milimita 1200 kwa mwaka, na karibu yote inaanguka kati ya mwezi wa 11 na mwezi wa 3. Toka mwezi wa 5 mupaka wa 9 hakuna kitu. Ni kusema mvua za kwanza zinakuta udongo mukavu, na mara nyingi umeunguzwa na umebaki uchi. Pale ndipo tunapoteza mingi.

Jembe linafanya nini ndani ya udongo?

Tusitukane jembe. Lina kazi yake: linafungua udongo mugumu, linazika majani mabaya, linaingiza mbolea chini, na kwa juma za kwanza linasaidia maji kuingia. Watu wa zamani hawakuwa wajinga.

Lakini udongo muzuri hauko unga. Uko vibonge vidogo vidogo, na katikati ya vibonge kuna njia za maji na hewa. Vibonge vile vinashikiliwa na vitu vyenye vinatoka kwa mizizi na kwa nyuzi za uyoga, nyuzi nyembamba zenye jicho haliwezi kuona vizuri. Kila tunapogeuza shamba lote, tunakata nyuzi zile, tunapondaponda vibonge, tena tunaingiza hewa mingi kwa ghafula. Vijidudu vya udongo vinapata hewa na vinakula ile tabaka nyeusi mbio mbio. Mwaka wa kwanza mahindi yanafurahi, juu kile chenye kiliozeshwa kinakuwa chakula chao. Ndio maana shamba jipya kisha kukata miti linatoa vizuri, halafu kisha miaka michache wakulima wanasema: "udongo umechoka". Haukuchoka. Tulikula akiba yake bila kurudisha.

Kisha inakuja mvua. Tone la mvua likipiga udongo wenye umelainishwa, linaurusha, na ule unga unaziba matundu. Jua likiwaka, juu inakauka sawa sahani. Mvua ingine ikianguka maji hayaingii, yanakimbia kuelekea barabara pamoja na udongo wa juu. Chini nako kuna shida: jembe lenye linapiga kila mwaka kwa urefu ule ule linakandamiza udongo pale linaishia, na mizizi ikifika pale inapinda.

Bila kugeuza, udongo unabadilika namna gani?

Mwaka wa kwanza mara nyingi ni mubaya, na inafaa kusema hivyo mbele ya kuanza. Udongo ungali mugumu. Mabua ya mahindi ni makavu na yana chakula kidogo cha azoti, kwa hiyo vijidudu vyenye vinaozesha mabua vinakopa azoti ndani ya udongo. Mahindi yanaweza kugeuka rangi ya njano. Mutu mwenye hakuonywa anasema "njia hii ni uongo", anarudia jembe. Mutu mwenye alionywa anaongeza samadi ao ure kidogo, ao anachanganya majani ya maharagi katika kifuniko, juu ile inaoza upesi.

Tangu mwaka wa pili ao wa tatu, kama kifuniko kilibakia, tunaanza kuona mabadiliko. Sentimita za juu zinakuwa nyeusi. Mizizi ya zamani inaoza na kuacha mifereji midogo, na maji yanaingia. Funza wa udongo wanarudi. Jua halichomi udongo moja kwa moja, kwa hiyo unabakia na unyevu siku mingi zaidi wakati mvua inakatika mwezi wa 1 ao wa 2.

Kazi ya kugeuza haikuisha. Imepewa tu wafanyakazi wengine, na Katanga hao wako wengi: ni muchwa. Vile vichuguu vikubwa vyenye vinapita urefu wa mutu, vyenye tunaona kandokando ya muji, ni kazi ya muchwa wenye wataalamu wanaita Macrotermes falciger. Wanapandisha ufinyanzi kutoka chini mupaka juu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Ubelgiji walipima umri wa vichuguu vya huku na wakaona kimoja chenye kina zaidi ya miaka 2000. Walikuta tena chokaa ndani ya vichuguu, na ndio sababu wakulima wanaomwaga udongo wa kichuguu shambani hawakosei: unapunguza ule ukali wa udongo.

Lakini tusipite kipimo. Kwa miaka mingi watu walisema kama kuacha jembe kunazika kaboni mingi sana ndani ya udongo. Mwaka 2014 David Powlson wa Uingereza na wenzake waliandika katika gazeti Nature Climate Change kama sehemu kubwa ya ile faida ni kuhama tu: kaboni inajikusanya juu, na chini inapunguka ao inabaki vile ilikuwa. Kwa mukulima, kupata kaboni juu kungali faida, juu pale ndipo mbegu inaota na maji yanaingia. Lakini si muujiza.

Jirani zetu wa Zambia walifanya namna gani?

Zambia ya kaskazini na Haut-Katanga ni pori moja la miombo lenye lilikatwa na mupaka. Udongo unafanana, mvua inafanana, hata chakula ni kimoja. Katikati ya miaka ya 1990 ilianzishwa kule Conservation Farming Unit, pamoja na chama cha wakulima cha inchi ile. Walifundisha watu wenye hawana ng'ombe kuchimba mashimo wakati wa kiangazi, yenye urefu wa karibu sentimita 30, upana 15 na kina 20. Kati ya mashimo ni sentimita 70, kati ya mistari sentimita 90. Kwa hekta moja inafika mashimo karibu 15 850. Wenye ng'ombe walifundishwa kupasua mistari kwa kipande cha chuma chembamba pasipo kugeuza shamba.

Faida kubwa yenye walipata mara moja ilitoka kwa wakati. Mwenye kungojea mvua ilainishe udongo ndipo alime, anapanda akiwa amechelewa. Mwenye alichimba mwezi wa 8 anapanda mara mvua nzuri ya kwanza inapoanguka. Tena samadi na mbolea vinaingia ndani ya shimo, karibu na muzizi, badala ya kutawanywa shamba lote na kulisha majani mabaya. Na mwaka wenye kufuata anarudilia mashimo yale yale, yenye sasa ni laini.

Hata hivyo wachunguzi waliona kule kama wakulima wengi walianza na kisha wakaacha, zaidi sana pale musaada wa mbegu na mbolea ulikatika. Hiyo pia ni fundisho kwetu.

Mavuno yanaongezeka ao yanapunguka?

Mwaka 2015 gazeti Nature lilitangaza kazi ya Cameron Pittelkow na wenzake, wenye walikusanya majaribio 610 kutoka inchi 63. Waliona hivi: kuacha kugeuza udongo, kwa ujumla, kulipunguza mavuno kwa karibu 6 kwa mia. Lakini pale kifuniko na kubadilisha mimea vilifuatwa, hasara ilishuka na kubaki kidogo, 2 ao 3 kwa mia. Na katika sehemu zenye ukame, zenye kutegemea mvua tu, mambo yote matatu yakiwa pamoja, mavuno yalipanda kwa karibu 7 kwa mia.

Mbele ya hapo, mwaka 2009, mwalimu Ken Giller wa chuo kikuu cha Wageningen, Uholanzi, na wenzake walikuwa wameuliza kama njia hii inafaa kweli mukulima mudogo wa Afrika. Walionyesha mambo mawili: kupalilia kunaongezeka, na mabua yenye tunataka kuacha shambani yana kazi zingine, kulisha nyama na kuwasha moto.

Kwa hiyo mutu akikuambia utavuna mara mbili juu tu umeacha jembe, usimwamini. Mwenye anakuambia njia hii haina maana, naye usimwamini.

Magumu ya kwetu

Majani mabaya. Jembe linazika majani, na bila jembe yanaota mwaka wa kwanza na wa pili kwa nguvu. Nani atapalilia? Kwa familia nyingi ni mama na watoto. Baba akipunguza kazi ya kulima mwezi wa 10, na mama akaongezewa kazi ya kupalilia mwezi wa 12, nyumba haikupata faida. Inafaa kuzungumuza jambo hilo nyumbani mbele ya kuanza. Dawa za kuua majani ziko, lakini zisishikwe bila gan, na zisimwagwe karibu na kisima ao na bustani ya mboga.

Moto na mbuzi. Mabua yenye uliacha mwezi wa 5 yanaweza kuliwa na mbuzi wa jirani ao kuunguzwa na moto wa pori mbele ya mwezi wa 10. Safisha njia ya mita chache kuzunguka shamba ili kukata moto, na sikilizana na majirani pamoja na chefu. Mutu mumoja peke yake hatashinda jambo hili.

Udongo si wako. Kutengeneza udongo kunaomba miaka tatu ao zaidi. Kama unalima kwenye kiwanja cha mutu, na mwenyewe anaweza kuleta tofali wakati wowote, ni vigumu kumwaga samadi na chokaa pale. Omba masikilizano ya miaka michache, hata kwa karatasi moja yenye saini mbili. Ukikosa, anza kwenye kile kipande chenye uko na uhakika nacho.

Ukali wa udongo. Chokaa haishuki haraka chini peke yake. Ndio maana kama udongo una asidi nyingi, ni vizuri kuchanganya chokaa vizuri mara moja, kwa jembe, kabla ya kuacha kugeuza. Ao uweke kidogo ndani ya kila shimo. Mawe ya chokaa ya Kakontwe, kule Likasi, yako karibu nasi.

Vumbi ya madini. Tangu mwaka 1911 kinu cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi kilitoa moshi, na upepo uliupeleka zaidi sana upande wa kaskazini-magharibi. Udongo wa pande hizo ulipokea shaba, zinki, risasi, kadimiamu na kobalti. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilijaribu pale kurudisha majani kwa kutumia komposti na chokaa, juu vitu hivyo viwili vinasaidia kufunga shaba isiingie sana ndani ya mumea. Inahusu jembe namna gani? Vumbi ikianguka na udongo haugeuzwi, inabaki juu, pale mboga za majani zinatoa mizizi. Kifuniko kinasaidia mvua isirushe udongo kwenye lenga-lenga, na kuosha mboga kunaondoa vumbi. Lakini kuosha hakuondoi kile muzizi umekunywa. Kama bustani yako iko upande ule, uliza Fakilte ya Kilimo namna ya kupimisha udongo mbele ya kuuza ao kulisha watoto.

Kwa wenye kuwa Kivu

Musomaji wa Kabare ao Walungu anaweza kusema: huku ni milima na ndizi. Kwa kweli kule kifuniko kina maana zaidi, juu kwenye mulima udongo wenye umelainishwa unashuka wote na maji. Na ndizi ina mizizi yake karibu na juu: kila mara tunalima kati ya migomba ili kupanda maharagi, tunakata mizizi ile. Watafiti walijaribu kule Kivu ya Kusini kupanda maharagi chini ya migomba bila kulima, kwa kutoboa tu, majani ya ndizi yakiwa kifuniko. Kwa mwenye migomba ni jaribio jepesi: mabadiliko yake ni kuacha kuondoa majani.

Muhogo na viazi vitamu viko na shida yao: kuvuna ni kuchimba. Usiwe na wasiwasi. Chimba wakati wa kuvuna, kisha funika.

Kama unataka kujaribu

Usibadilishe shamba lote. Pima vipande viwili vya mita 10 kwa 10, kandokando, udongo ule ule. Kimoja ulime vile unazoea. Cha pili ufanye hivi:

1. Mwezi wa 4 ao wa 5, kisha kuvuna, laza mabua chini. Usichome.
2. Kuanzia mwezi wa 7 mupaka wa 9, chimba mashimo kwa kipimo tulisema. Kwa kipande kile yatakuwa karibu 160.
3. Mbele ya mvua, weka viganja viwili vya samadi yenye imeoza ndani ya kila shimo, rudisha udongo kidogo, na acha shimo lisijae ili likamate maji.
4. Kisha mvua nzuri ya kwanza, panda mbegu 3 ao 4 kwa shimo.
5. Palilia mapema, majani yangali madogo. Majani yenye uling'oa yabaki pale, yawe kifuniko.
6. Mwaka wenye kufuata, panda karanga, maharagi ao soya, na mahindi yarudi mwaka wa tatu.

Andika siku za kazi, nani alizifanya, na kilo zenye ulivuna kwa kila kipande.

Kujipimia udongo bila mashine

Kwa jembe moja, kopo moja na glasi moja unaweza kujua udongo unaelekea wapi.

Glasi: chukua kibonge kikavu kutoka kila kipande, kitumbukize polepole ndani ya maji. Kikiyeyuka mara moja sawa sukari, udongo hauna kitu cha kuushikilia. Kikibaki kizima kwa dakika kadhaa, ni dalili nzuri.

Kopo: toboa kopo la maziwa pande zote mbili, lipige kidogo ndani ya udongo, mwaga maji ya kipimo kimoja na hesabu dakika mupaka yaishe. Rudilia kila mwaka mwezi ule ule.

Jembe: chimba shimo moja dogo la sentimita 20. Angalia rangi ya juu, hesabu funza, na uone kama mizizi inashuka ao inapinda.

Ukifanya vipimo hivi mwaka wa kwanza na wa tatu, hautahitaji mutu wa kukuambia kama njia hii inafaa shamba lako. Vipande viwili vitakuambia vyenyewe. Na kama kile chenye umelima kwa jembe kimeshinda, angalia kwanza jambo moja mbele ya kukata tamaa: je, kifuniko kilibaki kweli mupaka mvua ikaanguka, ao mbuzi walikimaliza mwezi wa 8?